Jina la kwenye gemu silo la kwenye mkataba

Kazi na Haki: maswali ya wasomaji

Safari hii nimechagua barua tatu, zote za kazi za magemu ya kompyuta. Tangu lilipoanza gumzo la Silicon Zanzibar, ule mpango wa serikali wa kuzivuta kampuni za teknolojia, mwaka 2022, na tangu chuo cha IIT Madras kilipofungua milango Bweleo mwaka 2023, barua za namna hii haziishi mezani kwangu. Na kazi yenyewe mie niliifanya kabla sijawa mwandishi wa safu hii, kwa hivyo mnistahamilie nikirefusha.

Swali: Niache skuli nikajaribu magemu?

Assalamu alaykum, dada. Mimi ni kijana wa miaka 26, nasomesha kompyuta katika skuli moja ya binafsi hapa Wete. Mwezi uliopita nilifanya mtihani mtandaoni wa kazi ya kujaribu magemu kabla hayajatoka, nikafaulu. Gemu ni la kampuni kubwa ya Marekani, kila mtoto aliyewahi kuingia banda la PlayStation anaijua. Nimeletewa mkataba wa miezi mitatu, nifanyie kazi nyumbani, dola 480 kwa mwezi, kwa "saa 30 kwa wiki na zaidi pale mradi utakapohitaji". Mshahara wangu wa skuli haufiki nusu ya hapo. Mama ananambia nisiache kilicho mkononi. Rafiki zangu wananambia nitajuta nisipotia saini. Mkataba una kurasa 14, nimeusoma mara mbili, ila sikufahamu kwa nini jina la kampuni yenye gemu halimo hata pahala pamoja. Niache skuli?

Msomaji, Wete

Jibu

Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Umeuliza uache skuli au usiache, lakini swali zito umelipitisha mwishoni kama jambo dogo. Jina la kampuni yenye gemu halimo kwa sababu kampuni hiyo si mwajiri wako. Aliyekuletea mkataba ni kampuni ya kati: imechukua kazi kwa wenye gemu, sasa inatafuta mikono ya kuifanya. Siri ya gemu utadaiwa na wote wawili. Siku utakayodai wewe, kila mmoja atakuelekeza kwa mwenziwe.

Nakwambia haya kwa kuwa nimeyapita. Nilipomaliza chuo Malaysia nilibaki miaka mitatu nikifanya kazi hiyo hiyo unayopewa wewe, katika kampuni ya kati. Wiki yangu ya kwanza niliambiwa nimtembeze askari wa ndani ya gemu akagonge kila ukuta wa ngome, mmoja mmoja, nione wapi atapenya. Akipenya naandika: nilianzia wapi, nilibonya nini, mara ngapi katika kumi kosa linajirudia, mashine ipi, na picha yake hii hapa. Watu hudhani unalipwa kucheza, kumbe sehemu kubwa ya siku unaandika. Anayeandika ripoti ambayo mtu wa upande wa pili wa dunia ataifuata bila ya kuuliza, huyo ndiye wanayembakisha. Wewe ni mwalimu, hilo utaliweza.

Lililonishinda mie ni miezi ya mwisho. Tarehe ya kutoka gemu ikikaribia, saa nane zinakuwa kumi, kumi zinakuwa kumi na tatu, Jumamosi inaliwa, kisha na Jumapili. Wenyewe wanaiita kranchi, na huitaja kama sisi tunavyotaja masika, msimu unaokuja wenyewe bila ya kuletwa na mtu. Lakini unaletwa na mtu. Kuna aliyekaa akapanga tarehe, akaahidi vitu vingi kuliko watu alionao, akajua tangu mwanzo pengo litazibwa na usingizi wa nani.

Mwaka wangu wa pili msimu huo uliangukia Ramadhani. Nilikuwa nafuturu tende tatu na maji mbele ya kompyuta, naswali Magharibi kwenye kituo cha ngazi za dharura, narudi kwenye kiti. Siku ya Idd nilitoka kazini saa nne usiku. Mama alinipigia simu kutoka Mkoani akaniuliza nimekula nini, nikamwambia pilau. Sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi.

Gemu likatoka. Nilipokuja likizo nikaenda na mtoto wa kaka yangu kwenye banda la gemu huko Michenzani. Kijana mmoja alikuwa anakaribia kulimaliza lile letu. Nikamsubiri, kisha nikamwomba asiyakatize majina ya mwisho, nikamlipia na saa yake. Yalipita majina ya wachoraji, wapiga muziki, wanasheria, hata watoto waliozaliwa wakati gemu linatengenezwa. Jina la kampuni yetu ya kati lilikuwepo, mstari mmoja. Sisi watu arubaini tuliogonga zile kuta hatukuwemo. Mtoto akaniuliza, "Shangazi, wewe uko wapi?"

Sasa nikueleze yaliyotokea kwengine, ili usije ukadhani nakulalamikia ya kwangu tu. Novemba 2004 mchumba wa mfanyakazi mmoja wa Electronic Arts, hao hao wenye gemu la mpira wanalogombania watoto wetu, aliandika barua ya wazi kwenye intaneti bila ya kujitaja. Baadaye ikajulikana ni Erin Hoffman. Alieleza jinsi saa zilivyopandishwa ngazi kwa ngazi, hadi mchumba wake akawa anaingia saa tatu asubuhi na kutoka saa nne usiku, siku saba za wiki, na ziada hailipwi. Wafanyakazi walikwenda mahakamani kudai saa zao. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 15.6 kwa wachoraji, na mwaka 2006 dola milioni 14.9 kwa waandishi wa programu. Barua ile iliwatia watu uchungu dunia nzima, lakini kilichodaiwa mahakamani kilikuwa saa. Hilo litie akilini, nitalirudia.

Hao angalau walikuwa wameajiriwa na wenye gemu. Walioko kwenye nafasi yako waangalie Kanada. Huko Edmonton, studio ya BioWare ilikuwa na wajaribu magemu waliokuja kwa mkataba wa Keywords, kampuni yenye asili ya Ireland inayofanyia kazi studio nyingi duniani. Mwaka 2022 wale wajaribu walipiga kura ya kuunda chama, hakuna hata mmoja aliyekataa. Mwaka 2023 BioWare ikamaliza mkataba wake na Keywords, na Keywords ikawapunguza wote 13. Nani aliyewafukuza? Huyu anasema mkataba wa biashara umekwisha, yule anasema kazi hakuna. Wao walikuwa wakifanya kazi ya BioWare kila siku, lakini kwenye karatasi walikuwa watu wa Keywords.

Tofauti na hao ni wajaribu wa Raven Software, huko Wisconsin, waliokuwa wakifanya kazi ya Call of Duty. Desemba 2021 wenzao kadhaa waliambiwa mikataba yao haitaendelea, baada ya wengine kuwa wamehamia mji ule kwa ajili ya kazi hiyo. Waliobaki wakaweka kazi chini kwa wiki kadhaa. Mei 2022 wakapiga kura ya chama, 19 kwa 3. Kabla ya kura hiyo, Aprili, Activision, kampuni mama ya Raven, ilikuwa imewageuza wajaribu wake wa muda karibu 1,100 kuwa wafanyakazi wa kudumu, kima cha chini dola 20 kwa saa. Watu wa Raven hawakupewa nyongeza ile. Kampuni ilisema sheria inaizuia kwa kuwa mambo ya chama yamo njiani. Mie sikuwahi kuridhika na maelezo hayo.

Dola 20, nawe umeandikiwa nne. Chukua karatasi tuhesabu. Saa 30 kwa wiki, tuseme wiki nne, ni saa 120. Dola 480 ukizigawa kwa 120 unapata nne kwa saa. Kisha mkataba unasema "na zaidi pale mradi utakapohitaji", na baada ya hapo haukutaja malipo. Mradi ukihitaji saa 60 kwa wiki, dola zako nne zimekuwa mbili. Ukihitaji saa 72, yaani kumi na mbili kwa siku sita kama nilivyofanya mie, umebakiwa na dola moja na senti 67. Maneno hayo matano ndiyo mkataba wako wote. Kurasa zote 14 zimeyazunguka tu.

Kwa hivyo warudishie, kwa adabu na kwa maandishi. Waambie unataka dola nne kwa kila saa, si 480 kwa mwezi, na saa yoyote inayozidi 30 ilipwe mara moja na nusu ya hizo. Wakisema hawawezi kuongeza, waombe waweke mwisho: hazizidi 40 kwa wiki bila ya ridhaa yako ya maandishi. Kampuni nyingi za kati hukubali hili la pili. Na waulize umeme. Pemba ina waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, lakini umeme ukikatika Wete saa mbili usiku, ile programu yao inayopiga picha skrini yako na kuhesabu dakika nayo inanyamaza. Saa hizo ni za nani? Mimi ningeandika kuwa zinafidiwa ndani ya wiki, wala hazihesabiwi utoro.

Angalia pia saa za dunia. Msimamizi wako akiwa Los Angeles, saa tatu yake ya asubuhi ni saa moja usiku kwako, na wakati wa baridi yao ni saa mbili usiku. Ina maana kazi yako itakuwa ya usiku. Uzuri wake ni kuwa skuli haigongani nayo. Ubaya wake unaujua mwenyewe unapomwona mwanafunzi aliyelala darasani.

La haki zako kisheria nitakwambia kama lilivyo. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1 ya mwaka huo huo, na mfanyakazi mwenye mgogoro na mwajiri wake wa hapa anaweza kuufikisha kwenye Kitengo cha Usuluhishi. Lakini mkataba wako, nina hakika hata bila ya kuuona, umekuita mkandarasi huru na umetaja sheria ya nchi nyengine. Kwa maneno hayo wamekutoa kwenye likizo, kwenye ugonjwa, kwenye kiinua mgongo. Hakuna atakayekukatia mchango wa ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii. Ipo skimu ya hiari kwa wanaojiajiri. Ukitia saini, jiandikishe wiki hiyo hiyo, na namba ya mlipakodi uwe nayo.

Neno "mkandarasi", hata hivyo, si ukuta usiopenyeka. Jirani zetu Nairobi wamelijaribu. Watu waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook waliajiriwa na kampuni ya kati, na Meta, wenye Facebook, ikasema haiwajui na Kenya haina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikasema Meta inaweza kushitakiwa huko huko Kenya. Kabla ya hapo, siku ya Mei Mosi 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za aina hiyo walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Walikuwa wamekatazwa kuzungumza kazi yao hata na wake zao nyumbani, kama utakavyokatazwa wewe. Siri ya gemu itunze, hiyo ni haki yao. Mshahara wako na saa zako si siri ya gemu. Kama kifungu cha siri kimevifunika na hivyo, omba viondolewe.

Jibu langu sasa. Usiache skuli kwa mkataba wa miezi mitatu. Mama yako hajui magemu, lakini anajua kazi ya mkononi ni ipi, na mwaka 2024 umempa haki: Januari Microsoft ilipunguza watu 1,900 kwenye upande wake wa magemu, miezi mitatu tu baada ya kuinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, Februari Sony ikapunguza karibu 900. Hao walikuwa wa kudumu. Mtu wa miezi mitatu hapunguzwi, anasahauliwa tu kuongezewa. Mwone mwalimu mkuu, muombe muhula mmoja wa nusu ratiba. Ifanye kazi hii uione. Na tangu siku ya kwanza weka daftari, la karatasi, pembeni ya kompyuta: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, aliyekuagiza uendelee ni nani. Usiitegemee programu yao, kwa sababu siku mkataba ukikatika utafungiwa mlango na rikodi zako zote zitabaki ndani. Mie sikuweka daftari. Nilipodai saa za ule mwezi wa Ramadhani nikaulizwa ushahidi, nikawa sina.

Nimesahau moja. Kama mtu yeyote katika hao amekuomba pesa, ya mafunzo, ya amana, ya kufungua akaunti, basi yote niliyoandika hapo juu hayana kazi. Huyo ni mwizi.

Swali: Binti yangu ameitwa Montreal

Mwanangu, mimi ni mstaafu, nakaa Jang'ombe. Binti yangu ana miaka 24, amemaliza SUZA pale Tunguu, anaandika programu. Kampuni ya magemu ya Montreal imemfanyia usaili mara tatu kwa video na sasa wanataka kumchukua kwa kazi ya kudumu. Mamake hali wala halali. Wajomba zake wamesikia kuwa kampuni hizi zimeshitakiwa kwa kuwanyanyasa wanawake. Mimi sitaki kumfungia mtoto riziki yake, wala sitaki kumtupa. Yapo ya kweli katika hayo?

Mzee, Jang'ombe

Jibu

Shikamoo, mzee wangu. Yapo, na ni vizuri uyajue kwa kipimo chake.

Riot Games ya Los Angeles ilishitakiwa kwa kuwabagua wanawake katika mshahara na vyeo, baada ya maelezo ya wafanyakazi kuhusu mwenendo wa ofisi ile kutoka hadharani mwaka 2018. Desemba 2021 ilikubali kulipa dola milioni 100, nyingi zake ziende kwa wanawake waliofanya kazi pale tangu Novemba 2014. Activision Blizzard ilishitakiwa na jimbo la California Julai 2021, wafanyakazi wakatoka nje ya ofisi kwa mamia; ikalipa dola milioni 18 katika kesi ya shirika la serikali kuu, na mwisho wa 2023 ikakubaliana na California karibu dola milioni 54, hasa kwa madai ya mishahara na vyeo vya wanawake. Na Ufaransa, Julai 2025, mahakama ya Bobigny iliwatia hatiani waliokuwa wakubwa watatu wa Ubisoft kwa unyanyasaji kazini, wakapewa vifungo vya nje. Malalamiko yao yalianza kusikika mwaka 2020. Miaka mitano, mzee wangu.

Nimekutajia miaka kwa makusudi. Katika visa vyote hivi wakubwa walijulikana tabia zao mapema sana, na watu wa utumishi walikuwepo, na fomu za malalamiko zilikuwepo. Kilichogeuza mambo ni wafanyakazi kusema pamoja na kwa maandishi. Mei 2019 watu zaidi ya 150 wa Riot waliacha kazi mchana wakasimama nje, wakipinga kifungu kimoja cha mkataba kilichowalazimisha wapeleke malalamiko yao kwa msuluhishi wa faragha badala ya mahakamani. Binti yako akitafute kifungu cha namna hiyo kabla ya kuangalia mshahara.

Ningekuwa mie, ningemwacha aende. Kazi ya kudumu, mwajiri mwenye gemu ndiye mwenye mkataba, nchi yenye sheria: hayo matatu kijana wa Wete niliyemjibu hapo juu hana hata moja. Québec wiki ya kawaida ni saa 40, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Amuulize mwajiri, kwa barua pepe, kama nafasi yake imo katika kanuni hiyo. Aombe kuzungumza nusu saa na mwanamke aliyemo kwenye timu atakayoingia, asiwepo msimamizi. Wakikataa, hiyo ni habari. Aulize pia mradi wake unatoka lini: anayeingia miezi minne kabla ya gemu kutoka ataanza maisha ya ugenini ndani ya kranchi, kwenye theluji, hajajua hata duka la nyama ya halali liko mtaa gani. Bora aombe tarehe ya baadaye. Na Kifaransa aanze leo, Montreal ni mji wa Kifaransa.

Kuhusu mamake, naomba nisimuandikie yeye. Nilikuwa binti wa mtu vile vile. Ila nawaomba nyote wawili jambo moja: mtakapompigia simu, msimuulize "kazi inaendaje". Atasema nzuri, kama nilivyosema mie pilau. Muulizeni jana ametoka saa ngapi.

Swali: Wanataka sauti yangu

Shoga, mie ni msoma risala na tenzi kwenye maharusi, Malindi wananijua. Kijana mmoja amekuja na kampuni ya nje inayotengeneza gemu lenye watu wa mwambao, wanataka sauti ya bibi wa Kizanzibari. Mistari elfu mbili, siku nne studio, shilingi laki tatu, malipo ya mara moja. Karatasi yao inasema sauti yangu itatumika "kwa teknolojia yoyote iliyopo na itakayobuniwa". Nitie saini?

Msomaji, Malindi

Jibu

Usitie, shoga yangu. Si kwa karatasi hiyo.

Maneno hayo yanawaruhusu kuichukua mistari yako elfu mbili, waitie kwenye mashine, na mashine iseme laki mbili nyengine kwa sauti yako bila ya wewe kutoka kitandani wala kulipwa. Inaweza kusema maneno ambayo wewe usingeyatamka mbele ya watu. Waigizaji wa sauti wa Marekani waligoma kwa sababu hii hii: chama chao, SAG-AFTRA, kiliweka kazi chini na kampuni kubwa za magemu tarehe 26 Julai 2024, na hawakukubaliana mpaka katikati ya 2025. Karibu mwaka mzima. Mkataba mpya unataka mtu aulizwe na akubali kabla ya sauti yake kunakiliwa kwa akili bandia, na alipwe kwa nakala hiyo. Kampuni iliyokujia inayajua haya. Imekuja Malindi kwa sababu huku haijaulizwa.

Mwambie kijana akate mstari ule na aandike badala yake: sauti itatumika katika gemu hili tu, kwa mistari iliyorikodiwa na wewe mwenyewe, kufundishia mashine hairuhusiwi, wakitaka gemu la pili wanarudi kwako. Laki tatu kwa siku nne za kupaza sauti ni kidogo, na unajua unacholipwa kwa harusi moja, basi anzia hapo na uzidishe mara nne. Omba usirikodi zaidi ya saa nne kwa siku. Mayowe ya vita na vilio waviweke siku ya mwisho, koo likiharibika liharibike kazi imekwisha. Kabla ya kusaini pita COSOZA, ofisi yetu ya hakimiliki, na karatasi yako, wawe na habari.

Na kuna ukurasa wa nyongeza mwishoni mwa mikataba hii, mara nyingi huachwa mtupu. Hapo andika jina lako kamili, kwa herufi kubwa, namna unavyotaka lisomeke gemu litakapokwisha, na uandike kuwa hiyo ni sehemu ya malipo yako. Mlete na kijana mwenyewe ofisini kwetu Jumatatu au Jumatano baada ya Adhuhuri, tuliandike pamoja.